Mwaka Niliotia Sahihi kwa Jina la Mama Serafina

Mama Serafina alikufa Jumanne, na Jumatano asubuhi wanawe wawili walikuwa barazani kwangu, mtaa wa Saio, wakiniomba gari la kumpeleka Mahagi akazikwe kwao. Magari yalikuwepo mjini, lakini wiki ile madereva wengi walikuwa wanaiogopa barabara. "Mama alisema tukuombe weye," alisema mkubwa wao. Nikamwuliza alisema lini. "Zamani. Alisema, siku nikikufa, muende kwa Masika. Ule hawezi kukatala." Niliwapa. Nalisema mapema ili msomaji asingojee hadi mwisho kujua kama roho yangu ni nzuri au mbaya. Niliwapa Fuso kubwa, mafuta nikatia mwenyewe, na usukani nikamkabidhi Kambale, dereva wangu wa kwanza, ambaye naye alikuwa na sababu zake za kumkumbuka marehemu. Kisha nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikakaa kitandani na hasira yangu. Hata akiwa maiti alijua kuwa siwezi kumkatalia.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Ilikuwa amani, lakini amani ya kuonja kwa ncha ya ulimi: soko limefunguliwa, askari wa kofia za bluu wamejaa upande wa uwanja wa ndege, pikipiki za taksi zinaongezeka kila wiki, na bado kila mtu anajua mtaa asioweza kuukanyaga. Niliingia hospitali kama garde-malade wa mama yangu mdogo, aliyeungua mguu kwa mafuta ya mandazi. Kwetu mgonjwa haji hospitali peke yake. Anakuja na mtu wake, anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda, anayepika, anayefua, anayekimbilia dawa mjini, na anayetazama chupa ya serumu, maji ya mshipani, ikikaribia kuisha ili amwite muuguzi. Huyo ndiye garde-malade. Hana mshahara, na jina lake halitafutwi na mtu. Anaitwa kwa namba ya kitanda anachokilinda. Mimi niliitwa Kitanda cha Sita.

Jiko letu lilikuwa nyuma ya salle ya upasuaji, wodi ya waliopasuliwa, paa la mabati lililotoboka risasi, mafiga yamepangwa ukutani, na kila familia na sufuria yake. Pale ndipo nilipopata habari zote za hospitali. Wauguzi walikuja kuomba moto wa kuchemshia vyombo, wakasimama wakiota moshi na kuongea kana kwamba sisi wenye masufuria hatuna masikio. Nakumbuka siku walipomsema mwenzao mmoja, Eriki. "Eriki naye ameenda. Iko naendesha jeep ya bazungu." "Infirmier muzima, kushika usukani?" "Infirmier muzima. Mwezi ikiisha, iko na mushahara. Weye na diplome yako, uko na nini?" Wakacheka, na mimi nikacheka nikiwa nimeinama juu ya sombe yangu, majani ya muhogo. Mashirika yale yaliyokuja kutusaidia yalihitaji watu wanaojua kusoma na watu wanaojua kuendesha. Hospitali ikapoteza wauguzi wake, na malori yakapoteza madereva wake, na wote walionekana Jumapili kanisani wakiwa na viatu vipya. Salle ya upasuaji iliyokuwa na wauguzi tisa ikabaki na watatu, na mkubwa wao alikuwa Mama Serafina.

Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mtu wa Mahagi, Mkatoliki wa kusali rozari huku akipima homa. Siku moja aliingia mikono yote miwili imejaa, akanikuta nimekaa pembeni mwa mama mdogo. "Weye, Kitanda cha Sita, kuya hapa. Unajua kusoma?" Nikamwambia najua, nilikuwa nimefika mwaka wa mwisho wa shule vita vikatufunga. "Basi shika hii chupa, uinue juu. Ukiona povu, uniambie." Nikashika. Kesho yake akanionyesha namna ya kuhesabu matone kwa saa. Wiki iliyofuata nikabadilisha bandeji, yeye akiwa amesimama nyuma yangu akinipiga kidole kila nilipokosea. Mama mdogo alipopona na kufunga mkeka wake, Mama Serafina alinifuata hadi getini. "Mutoto yangu, weye usiende. Mama yako mudogo amepona, lakini hospitali bado iko mugonjwa." Kisha akasema neno lililonifunga mwaka mzima. "Mwezi wa tisa, shule ya bauguzi ikifungula, mi mwenyewe nitakuandikia barua. Bakisoma jina yangu, batakupokea bila maneno mingi." Shule ile ilichukua wanafunzi wachache, na bila barua ya mkuu wa salle fulani mtoto wa mtu wa kawaida hakuwa na mlango. Mimi sikuwa na kitu kingine nilichokitaka duniani.

Akanipa blouse nyeupe, koti la wauguzi, iliyokuwa ya muuguzi aliyekwenda kutafsiri kwa wanajeshi. Ilinipwaya mabegani. Chumba chake cha kazi kilikuwa pembeni mwa salle, kimetengwa kwa pazia la kitenge cha Pasaka, na humo saa saba mchana tulikula pamoja, sahani moja: bugali wa muhogo, mboga ya lenga-lenga, mara nyingine samaki wa ziwani aliyeletwa na ndugu zake wa ng'ambo ya Kasenyi. Alinichagulia mnofu wa shavu, akauweka upande wangu bila kunitazama. Huyo mwanamke alinipenda. Nimeligeuza jambo hili kichwani kwa miaka mingi nikitamani kusema alinitumia tu, ingekuwa rahisi, lakini haikuwa hivyo, na mtu asiyekupenda hawezi kukuumiza kiasi kile. Wagonjwa walianza kuniita Muganga Masika. Mara ya kwanza nilipoitwa hivyo nilikwenda nyuma ya jiko, nikalitamka jina hilo peke yangu.

Kazi yote ya salle huandikwa kwenye fishi ya mgonjwa: saa, homa, tensheni ya damu, dawa, na mwisho sahihi ya aliyefanya. Nilipoandika fishi yangu ya kwanza nikaweka herufi zangu. Mama Serafina akaichukua, akazikwangua herufi hizo kwa wembe, taratibu, mpaka karatasi ikabaki na kivuli tu. "Andika yangu. Yako haiko ku liste. Bakiiona, batauliza." Akanifundisha sahihi yake, S kubwa yenye mkia na A ndogo iliyolala, nikaiandika mara nyingi nyuma ya kartoni ya sindano hadi yeye mwenyewe akacheka: "Sasa hata mi nitakosa kujua ni nani." Wote tulijua, hata daktari alijua. Na haikuwa kwetu tu. Hospitali ile mtu asiye kwenye liste ya wafanyakazi alikuwa akifanya kazi kwa jina la aliyeko, na ilionekana ni heshima, kama vile kubebeshwa mfuko wa mkubwa wako njiani. Kwa miezi minane niliandika jina la mwanamke mwingine kwenye kila jambo jema nililolitenda.

Mwezi wa saba lori lilianguka kwenye mteremko wa barabara ya Komanda, limesheheni ndizi na maharagi, na juu ya mzigo watu, kama ilivyo desturi. Waliletwa asubuhi, kwa gari la wanajeshi na kwa pikipiki, wengine wameshikiliwa katikati ya dereva na abiria kama gunia. Mama Serafina alitazama uani mara moja tu. "Masika, salle ya banaume ni yako. Mi niko na banamuke na batoto. Docta iko ndani." Nikaenda. Sikuogopa, na hilo linanishangaza hadi leo. Kitanda cha mlangoni waliniwekea mtu wa miaka thelathini hivi, paja limevunjika, na polisi mmoja amekaa karibu naye na bunduki magotini. Huyo alikuwa Kambale. Hakuwa dereva, alikuwa convoyeur, yule anayefunga mzigo, anayetia maji kwenye rejeta na kuweka gogo nyuma ya tairi gari likisimama mlimani. Lakini usukani ulikuwa mikononi mwake lori lilipoanguka.

Nilipokuwa nikimfunga mbao mguuni aliniambia bila kuulizwa. Bosi wake alikuwa na malori matatu na dereva mmoja, wengine wamechukuliwa na mashirika. Basi dereva yule alikuwa akitoka Kisangani na lori la kwanza, akifika Epulu anarudi kwa pikipiki kuchukua la pili, na Kambale anaendelea na la kwanza. "Toka mwaka jana niko naendesha. Bosi anajua. Dereva anajua. Hata bale bapolisi ba bariere banajua, bako nanisalimia: dereva, habari!" Sasa dereva alikuwa ameapa mbele ya polisi kwamba Kambale aliiba ufunguo yeye akiwa msalani. Akanitazama nikiandika fishi yake. Akasoma ile sahihi. "Dada, weye si Masika? Bote hapa banakuita Masika." Nikamwambia ndiyo. "Na hapa umeandika nani?" Nikamweleza. Akalaza kichwa, akatazama dari. "Weye pia uko convoyeur, dada. Ngoja siku mutu atakufa." Nilikasirika. Nikamwambia asinilinganishe na watu wa malori, kwamba Mama Serafina ni kama mama yangu, na nikamkazia bandeji kuliko ilivyohitajika.

Mtu alikufa siku hiyohiyo, saa tisa mchana. Alikuwa mzee mmoja mfanyabiashara wa samaki, aliyefika akiongea, akilalamikia kofia yake iliyopotea. Saa nne tumbo lake lilikuwa laini, saa sita likawa gumu kama ubao, na tensheni ikaanza kushuka. Nilikwenda kwa Mama Serafina mara mbili. Mara ya kwanza alisema daktari yuko ndani akimpasua mtoto, niweke serumu nyingine. Mara ya pili mikono yake ilikuwa ndani ya jeraha la mwanamke, damu hadi kwenye viwiko, akasema tu, "Ngoja, mutoto yangu, ngoja." Nikarudi, nikangoja. Kila nusu saa nilipima, nikaandika, nikatia sahihi: S yenye mkia, A iliyolala. Simlaumu kwa kifo kile. Mikono yake ilikuwa miwili na salle zilikuwa mbili. Mzee alinishika kidole gumba akauliza kama kofia imepatikana, nikamdanganya kwamba imepatikana.

Ila mzee alikuwa na mdogo wake, mkubwa katika ofisi ya serikali. Siku ya nne akaja mkaguzi, mtu mwembamba mwenye mkoba wa ngozi, na fishi ya marehemu mkononi. Waliingia chumbani mwa Mama Serafina. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya lile pazia la Pasaka na beseni la vyombo, nikingoja kuitwa, maana nilijua ningeulizwa, na nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri: nitasema saa, nitasema tensheni, nitasema nilimwita mara mbili lakini alikuwa akimwokoa mwingine. Nilitaka kumtetea. Nilisikia karatasi ikifunuliwa. "Sahihi hii ni yako, mama?" mkaguzi aliuliza. "Hapana. Hii haiko mukono yangu." "Ni ya nani basi?" Na sauti yake ikatoka tulivu, ile ile ya kuniambia nile samaki. "Kuko mutoto fulani, garde-malade wa kitanda cha sita. Tulimuonea huruma, akazoea kutembea mu salle. Blouse alivaa yeye mwenyewe. Mi sikumutuma."

Waliniita. Mkaguzi akauliza jina langu kamili, nikasema. Akauliza kama ni mimi niliyeandika, nikasema ni mimi. Akauliza ni nani aliyenifundisha kuiga sahihi ya mkuu wa salle. Nilimtazama Mama Serafina. Alikuwa akitazama mikono yangu, si uso wangu. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Hakuna aliyenifunga mdomo. Lakini nimelelewa kwamba mtoto hamwambii mama yake mwongo mbele ya mgeni, na tena, upumbavu wangu, nilidhani kwamba nikinyamaza atanilipa kwa ile barua. Nikanyamaza. Mkaguzi akaniambia nivue blouse. Chini yake nilikuwa na shimizi tu, joto la mwezi wa saba, nikatoka na shimizi na kitenge kiunoni, nikapita katikati ya vitanda vyote, na waliokuwa wakiniita Muganga wakatazama pembeni. Kambale peke yake ndiye aliyenitazama. Nilimchukia kwa kuwa alijua kabla yangu. Wahenga walisema fadhila ya punda ni mateke. Mimi sikuona teke. Niliona mwanamke mzima, mwenye watoto, aliyepima kwamba salle bila Mama Serafina itakufa na salle bila Masika itaumwa tu, akachagua.

Kambale alikaa gerezani hadi mvua nyingine, kisha akatolewa na bosi yuleyule aliyemkana, kwa sababu madereva hawakupatikana. Alipata leseni hapo, akiwa na mguu mmoja mfupi. Mimi niliuza chai kwenye maegesho ya malori, na kutoka chai nikaingia kwenye mizigo, na ndivyo nilivyokuwa mwanamke wa magari. Watu wanaponisifu kwamba najua kuchagua watu, natabasamu. Mwezi uliopita dereva wangu mmoja alishikwa na malaria huko Mahagi, mzigo ukiwa wa vitunguu. Nikampigia convoyeur wake: leta gari, pole pole. Jina lake haliko kwenye karatasi yoyote ya gari lile. Alifika salama, nikamshukuru. Ningesema nini kwa polisi kama asingefika, sitaki kujiapiza.

Sasa nimefika mahali ambapo kwa kawaida naacha kusimulia. Nimewahi kusimulia habari za blouse ile mara nyingi, kwa marafiki, kwa mume wangu, hata kwa padri, na kila mtu amenionea huruma. Wiki sita baada ya siku ile, mwezi wa tisa, shule ya wauguzi ikiwa imekwisha kufunguliwa bila mimi, Mama Serafina alituma mtu kuniita. Nilikwenda mbio. Alikuwa ananingoja kwenye geti la nyuma, amekonda, na blouse imekunjwa mkononi. "Masika, mutoto yangu, batu baliisha. Babili baliacha kazi juzi. Niko peke yangu, upasuaji na bazazi pamoja." Nilingoja aseme jambo lingine. "Ile ya siku ile ilikuwa ya serikali," akasema. "Siye bawili tunajuana." Nikamwuliza kuhusu barua. Akanitia blouse mikononi. "Barua tutaona mwaka kesho. Vaa kwanza."

Aliondoka haraka kuelekea chumba cha upasuaji, akijua nitamfuata, na nilimfuata, blouse mkononi, kupitia salle ya wazazi. Kitanda cha pili kutoka mlangoni alikuwa mwanamke niliyemjua. Mwezi wa nne nilikuwa nimemwuguza mtoto wake, jipu la shingoni, siku kumi na moja. Sasa alikuwa amejifungua asubuhi ile, kichanga pembeni yake, na hakuwa na garde-malade. Mume wake alikuwa ameenda mjini kutafuta dawa. Aliponiona alijaribu kuinua mkono. "Muganga Masika! Mungu ni mukubwa. Kuya unione kidogo, nguvu yote iko naniisha." Midomo yake ilikuwa imepauka. Chupa ya serumu ilikuwa tupu. Niliona kitenge alichokilalia, na niliona kwamba kile chekundu hakikuwa rangi ya kitenge, na kwamba kilikuwa kimefika ukingoni mwa godoro. Nilijua cha kufanya. Ngumi juu ya tumbo, kusugua kwa nguvu, kumwita mkubwa kwa sauti. Mama Serafina ndiye aliyenifundisha, na alikuwa hatua ishirini mbele yangu, mgongo umenigeukia.

"Si weye ndiye uliponesha mutoto yangu?" aliuliza yule mwanamke, kwa kuwa nilikuwa nimesimama tu.

"Hapana, mama," nilimwambia. "Mi siko muganga. Mi niko garde-malade."

Nikaiweka blouse juu ya miguu yake, nikatoka. Nilipita jikoni, watu wakanisalimia, nikaitikia. Nilitembea hadi nyumbani nikiwa nimejaa furaha, ile furaha ya mtu aliyelipiza, na furaha hiyo ilidumu mpaka nilipokaa kula. Kumbe mkaguzi hakuwepo tena, hakuna aliyekuwa ananitisha, na Mama Serafina hakusikia hata neno moja. Aliyesikia alikuwa yule mwanamke wa kitandani peke yake. Jina lake ninalo mpaka leo. Sijawahi kumwuliza mtu yeyote wa hospitali kama alitoka pale akiwa hai, na gari la maiti lilipoondoka Saio Jumatano ile, na watu wakaniuliza mbona nalia hivyo kwa ajili ya mwanamke aliyenitesa, niliwaacha wadhani namlilia Mama Serafina.